Aliyerudishwa Nyumbani Hana Mstari

Chukua Fomu 34A yoyote ya Agosti 2022, iwe ya Likoni au ya Chaani, uisome taratibu kama risiti ya duka. Kuna majina ya wagombea urais na kura zao. Kuna idadi ya waliosajiliwa kituoni, kura zilizokataliwa, kura ambazo kukataliwa kwake kulipingwa, kura zenye mzozo, kura halali. Sasa nitafutie mstari wa mtu aliyefika saa kumi na mbili asubuhi na kitambulisho mkononi, akaambiwa jina lake halimo kwenye mashine, akarudi zake Mtongwe. Haupo. Kwa hesabu za Kenya, huyo hakuamka siku hiyo.

Tuseme ukweli, kinga ndogo ipo. Kidole kikigoma, na vidole vya kuli wa bandarini au fundi wa mjengo hugoma kwelikweli, karani anakutafuta kwa nambari ya kitambulisho, mnajaza Fomu 32A mbele ya mawakala, unapiga kura. Mashine zikifa kabisa kuna daftari la karatasi. Sehemu za Kakamega na Makueni zililitumia 9 Agosti 2022. Lakini jina likiwa halimo, au limehamia kituo ambacho hukukiomba, hapo hakuna fomu. Kuna pole tu, na foleni nyuma yako inayosema songa bwana.

Marekani (na siwasifu, uchaguzi wao una uchafu wake) walipitisha sheria mwaka 2002, baada ya sarakasi ya Florida ya 2000. Anayeapa kuwa ni mpigakura na jina halionekani hafukuzwi. Anapewa kura ya muda. Anaijaza, inatiwa ndani ya bahasha na kuwekwa kando, kisha maafisa wanachunguza kama alistahili. Akistahili, inahesabiwa. Ndiyo maana jumla ya usiku wa uchaguzi kule husogea siku zinazofuata, na kusogea kwenyewe si wizi.

Mwaka 2004 urais wao ulining'inia Ohio. Asubuhi yake George W. Bush alikuwa mbele ya John Kerry kwa kura zaidi ya 130,000, na kura za muda, hesabu yake ilipokamilika, zilizidi 150,000. Ukitazama kijuujuu utasema hiyo ni kesi tayari. Lakini ukubwa wa lile rundo la bahasha ulikuwa unakadiriwa hadharani, kwa hiyo watu wa Kerry waliketi wakapiga hesabu, wakaona hata bahasha nyingi zikikubaliwa ingebidi karibu zote ziwe zake. Akampigia mwenzake simu, akakubali kushindwa. Zilipokuja kufunguliwa, pengo lilibaki kama 118,000.

Kilichommaliza Kerry si jaji wala askari. Ni idadi. Sisi idadi hiyo hatuna, kwa hivyo pengo linajazwa na stori za barazani. Huyu anakwambia Kisauni walirudishwa watu elfu nzima, yule anaapa hakurudishwa hata mmoja, na hakuna karatasi ya kumkanusha yeyote kati yao.

Utasema kura chache za pembeni zina uzito gani. Nenda 2013. Ubao wa Bomas ulionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000, nchi ikashika roho, kisha tume ikaeleza kuwa kompyuta ilikuwa ikizizidisha mara nane. Za kweli zilitoka 108,975. Mwaka huohuo Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, yaani kura kama 8,400 juu ya nusu, na mawakili wakabishana Mahakama ya Juu ikiwa zilizokataliwa ziingie kwenye jumla au zisiingie. Mahakama ikasema zisiingie. Ubishi wote huo ulikuwa juu ya karatasi ambazo angalau ziliingia sandukuni! Aliyeishia mlangoni hakutajwa na upande wowote.

Na sisi wa Mombasa tuna cha kuongeza. Tarehe 9 Agosti 2022 tulipanga foleni, lakini karatasi ya ugavana haikuwepo, kwa sababu ilichapishwa na makosa ya picha za wagombea. Tukaambiwa 23 Agosti, kisha 29. Abdulswamad Nassir akashinda kwa kura 119,083, Hassan Omar akapata 98,105, katika kaunti yenye wapigakura 641,913 waliosajiliwa. Walioshindwa kurudi, wale wa zamu, wa safari, waliochoka, wote wakaitwa kwa jina moja: wavivu. Mimi silikubali jina hilo. Kuna aliyelala, na kuna aliyefika akakosa karatasi. Kuwachanganya ni uongo wa takwimu.

Pingamizi la maana ninalijua. Maina Kiai, Khelef Khalifa wetu wa hapahapa Mombasa na Tirop Kitur walikwenda kortini kupigania kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa kwenye eneobunge ni ya mwisho, si ya muda yanayosubiri Nairobi iyapapase. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia 23 Juni 2017. Ukileta bahasha za kufunguliwa baadaye, umefungua tena mlango ambao hawa walihangaika kuufunga, na Katiba imetoa siku 7 tu za kutangaza rais. Kwa nchi ambayo usiku mmoja wa kuchelewa unatosha kutufungisha maduka, sitaki bahasha zilale popote.

Basi bahasha tuziache. Nataka idadi, na idadi haicheleweshi chochote. Aliyefika na kitambulisho akaondoka bila kupiga aandikwe papo hapo na sababu yake, mawakala wakiona, na jumla yake itangazwe pamoja na kura. Kiti cha wadi, Mjambere au Timbwani, kikiamuliwa kwa kura 40 na waliorudishwa wakawa 6, aliyeshindwa aende nyumbani. Wakiwa 300, aende kortini akiwa na kitu mkononi kuliko video za WhatsApp.

Wala tusingoje Bunge. Kwenye Fomu 34A ipo sehemu ya maoni ya msimamizi wa kituo, na mara nyingi huachwa tupu. Tarehe 10 Agosti 2027, wakala wa chama chochote, kabla hujatia sahihi, mwambie msimamizi aandike hapo: walifika kumi na wanne, hawakupiga. Akikataa, kataa sahihi na uandike hiyo ndiyo sababu yako.