Uvimbe Upi? Istilahi za Mionzi na Mgonjwa wa Chwele

Mijadala ya istilahi vyuoni imeegemea mno kompyuta na sheria, huku lugha ya tiba ikiachiwa yeyote aliye karibu na kitanda cha mgonjwa. Hasara ya kupuuza huku yaonekana wazi katika tiba ya mionzi ya kifua.

Mgonjwa wa saratani atokaye Chwele, Kaunti ya Bungoma, akitibiwa Nairobi huwa amesafiri takriban kilomita 400. Mionzi inayolenga saratani hupitia pia sehemu ya pafu isiyougua. Madhara yake hayaonekani papo hapo. Kwa kawaida huanza kati ya mwezi 1 na miezi 6 baada ya tiba: kikohozi kikavu, kukosa pumzi, pengine homa. Wakati huo mgonjwa amekwisharudi kwao, na dalili hizo zashabihiana mno na za kifua kikuu au nimonia, ilhali dawa yake aghalabu ni steroidi.

Hatari hii hukadiriwa kabla ya tiba kuanza. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2010 waonyesha kuwa wastani wa grei 7 mapafuni huandamana na hatari ya takriban asilimia 5. Ukifika grei 20, hatari hukaribia asilimia 20. Daktari basi anajua mengi mapema. Swali ni atamwambiaje mgonjwa.

Akisema 'natabiri', ameingia katika uwanja wa wanajimu. 'Nakadiria' ni afadhali. Tatizo kubwa zaidi ni neno 'uvimbe'. Kiswahili hulitumia kwa saratani yenyewe na hulitumia pia kwa pafu lililofura kwa sababu ya mionzi. Mama aliyeambiwa mwezi wa pili kwamba uvimbe umepungua, kisha mwezi wa nne akaambiwa ana uvimbe mapafuni, ataamini saratani imerudi. Hakuna wa kumlaumu. Lugha ndiyo iliyomhadaa. Nalo neno 'kuchomwa', ambalo wengi hulitumia kwa mionzi, lina jirani yake 'kichomi', jina la kale la maradhi ya mapafu, na jamaa hao wawili huzidi kumvuruga msikilizaji.

Wapo watakaodai kuwa Lubukusu chatosha huko. Chatosha nyumbani, lakini mhudumu wa zahanati huenda ametoka kwingine, na faili la hospitali aghalabu limeandikwa kwa Kiingereza.

Inafaa 'uvimbe' libakie kwa saratani, na hali hii iitwe 'athari ya mionzi mapafuni', ingawa ni ndefu. Wanafunzi wa isimu, wakishirikiana na wenzao wa udaktari, wanaweza kuandaa kadi ya kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani: 'Nilitibiwa kifua kwa mionzi, tarehe fulani. Nikikohoa au kukosa pumzi katika miezi 6 ijayo, nipigwe picha ya kifua, na walionitibu waarifiwe kwa nambari hii.'