Nyasi zimeota, watoto watacheza wapi?

Mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja alirudi nyumbani Jumamosi moja akichechemea, goti limechunika na vumbi jekundu limeganda juu ya damu. Alikuwa ametoka kusakata kabumbu katika uwanja wa shule yake hapa Machakos. Mamake alipokuwa akimwosha kwa maji ya chumvi, mvulana hakulia. Alitaka kujua jambo moja tu: "Mjomba, kwa nini wale wa kwenye runinga wakianguka hawachuniki?"

Msomaji mpendwa, swali hilo si dogo. Nilimwambia kwanza asidhani kwamba wale wa kwenye runinga walizaliwa juu ya zulia. Mwezi Aprili mwaka wa 1977, Derby County walikuwa wakicheza na Manchester City katika uwanja wa Baseball Ground, Uingereza. Refa akatoa penalti, lakini nukta ya kupigia haikuonekana. Matope yalikuwa yameimeza! Ikabidi mtunza uwanja aingie na utepe wa kupimia na ndoo ya rangi, akapima na kuchora nukta mpya huku wachezaji wakimtazama. Hiyo ilikuwa ligi ya juu ya nchi iliyojiita mama wa soka.

Walichofanya tangu wakati huo hakikuanza na nyasi bali na kilicho chini yake. Uwanja mzuri huinuliwa kidogo katikati ili maji yateremke kando. Chini huwekwa mabomba, kisha kokoto, kisha mchanga, ndipo nyasi zipandwe. Siku hizi viwanja vikubwa hushonewa nyuzi za plastiki ardhini, mizizi ikajisokota humo na nyasi zisiweze kung'oka kwa urahisi. Na ajabu ni kwamba nyasi ya Kikuyu, hii hii tunayoikanyaga tukienda sokoni, ilichukuliwa kutoka nyanda za juu za Afrika Mashariki ikapandwa katika viwanja vingi vya michezo vya Australia na Afrika Kusini. Sisi tukabaki na vumbi.

Hapa kwetu Kenya safari imekuwa ya kupanda na kushuka. Wazee wetu walishangilia katika African Stadium jijini Nairobi, ambao baadaye ukawa City Stadium na tangu 2019 unaitwa Joe Kadenge, kwa heshima ya mshambuliaji huyo mashuhuri. Uwanja wa Nyayo ukaja mwaka wa 1983 na Kasarani ukafuata kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Tulijidai kwelikweli. Lakini kujenga ni kazi moja na kutunza ni nyingine, na mwaka wa 2017 tulipokonywa fainali za CHAN za 2018 kwa sababu maandalizi yalikuwa nyuma, viwanja vikiwemo. Tulingoja hadi Agosti 2025 ndipo mashindano hayo yakachezwa Kasarani na Nyayo, tukiwa waandalizi pamoja na Tanzania na Uganda.

Machakos nayo haikulala. Uwanja wa Kenyatta ulikuwa miongoni mwa viwanja vya Kombe la CECAFA la 2013, na serikali ya gavana wa kwanza, Alfred Mutua, ikaufanyia ukarabati uliowafanya watu wa Nairobi waje kuutazama kama harusi ya jirani. Desemba 17, 2017, Harambee Stars ilitoka sare ya 2-2 na Zanzibar katika fainali ya CECAFA papo hapo, kisha ikatwaa kombe kwa penalti 3-2. Shangwe za jioni ile mjini petu bado zinanivuma masikioni.

Sasa nirudi kwa goti la mvulana. Sisi tulicheza katika kiwanja cha mtaa kilichokuwa na mawe, mbuzi na njia ya watu iliyokatiza kutoka kona hadi kona. Miti ya mikaratusi ndiyo iliyokuwa milingoti, na mistari tulichora kwa majivu. Mpira ulikuwa wa karatasi za plastiki na kamba ya katani (marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 iliua kiwanda chetu hicho). Pasi ya chini haikufika, ikigonga jiwe inamrudia adui, basi kila mtu akajifunza kubutua juu. Lakini tulicheza kila jioni, bila kumwomba mtu ruhusa.

Uwanja wenye nyasi asilia hauwezi kukanyagwa na njumu kutwa kucha. Lazima upumzike, unyweshwe, na lango lifungwe. Silaumu, ndivyo nyasi zilivyo. Ila katika mji ambao familia nyingi hununua maji kwa mitungi ya lita 20, hakuna mwalimu mkuu atakayemwagilia uwanja wa shule wakati matangi ya jikoni yako nusu. Kwa hiyo mtoto atazame nyasi akiwa nje ya ua, kisha akachunike kwake?

Mimi nadhani shule haihitaji nyasi kwanza. Inahitaji uwanja uliosawazishwa, usio na mawe, wenye mteremko mdogo na mtaro wa kando wa kupeleka maji ya mvua kwenye miti. Nilimweleza mwalimu mkuu hivyo. Akacheka, akanipa funguo za stoo ya majembe.

Jumamosi iliyofuata tulifika wazazi tisa, reki mbili na toroli moja lenye gurudumu bovu. Hadi saa sita tulikuwa tumejaza toroli hilo mara kumi na nne kwa mawe, chupa na vipande vya mabati. Mpwa wangu ndiye aliyehesabu, goti lake likiwa na bandeji. Nusu moja ya uwanja imekwisha. Nusu ya pili, ile yenye korongo mbele ya lango, tunaianza wiki ijayo saa mbili asubuhi, na yeyote mwenye toroli zima tunamwomba aje nalo.