Kamera ndogo ya kusaidia ile kubwa

Juma hili tuzungumze juu ya makuta ya kisanduku. Vikundi vingine hapa Bukavu viko na kamera kubwa, ile ya kubadilisha lensi, inayopiga foto za harusi, ubatizo na komunyo ya kwanza na kuingiza kitu katika akiba. Lakini kuibeba kila siku katika mabasi, sokoni Kadutu ao shambani ni shida: ni nzito, na inavuta macho ya wezi. Ndiyo maana wengi wanatamani kuongeza kamera ndogo yenye zumu.

Muuzaji atawaonyesha kwanza namba kubwa: zumu mara 40, mara 60. Msikimbilie namba. Ulizeni kwanza: kamera kubwa inashindwa wapi?

Kamera nyingi kubwa zinauzwa na lensi ya milimita 18 hadi 55. Kwa kipimo wanachotumia kwa kamera ndogo, hiyo ni karibu 28 hadi 85. Sasa tutazame mbili zinazopatikana kwa okazyo. Sony RX100 ya mwaka 2012 inafika 28 hadi 100, na ina uzito wa gramu 240 hivi. Inaingia mfukoni, inapiga vizuri hata ndani ya nyumba, lakini karibu inarudia kazi ile ile ya kubwa. Panasonic TZ100 ya mwaka 2016 inafika 25 hadi 250. Hiyo inaleta karibu mama anayehutubia siku ya 8 Machi hata kama mumesimama nyuma. Kikundi chenye lensi ndefu tayari kichague ya kwanza. Kisichokuwa nayo, ya pili.

Zote mbili ziko na sensa ya inchi 1. Sensa ndiyo inayopokea mwanga. Zile za zumu mara 60 kwa kawaida ziko na sensa ndogo zaidi, karibu robo ya hiyo. Kukiwa jua zinafaa. Kanisani ao jioni, foto inatoka na mchanga-mchanga.

Kabla ya kulipa, fanyeni hivi:

Fungua zumu na kuifunga mara kumi. Ikikwama ao kulia, acheni.

Piga foto ya ukuta mweupe, zumu ikiwa mwisho. Madoa meusi ni vumbi lililoingia ndani, na lensi ya kamera hizi haitoki. Kuisafisha ni kuivunja-vunja yote.

Tazama kama karte ya kamera kubwa inaingia. Kubwa za zamani zingine zinatumia karte ya aina ingine.

Uliza kama inachajiwa na kamba ya USB. Umeme ukikatika, mutachaji kwa sola ao kwa pawabanki.

Mama mawili ao matatu waende pamoja, moja wao awe yule anayepiga foto kila siku. Foto za majaribio zitazamwe na kikundi kizima juu ya kompyuta, si juu ya kioo kidogo cha kamera, ndipo kisanduku kifunguliwe.

Na zumu ndefu isitufanye tuibe sura za watu. Mama aliye mbali naye anaombwa ruhusa, kama aliye karibu.