Sisi wa Ng'ambo ya Sabaki

Sisi wa Marafa, Garashi na Adu tukisikia neno kaunti, la kwanza linalotujia ni nauli. Bodaboda hadi kwenye lami, matatu hadi Malindi, kisha matatu nyingine, karibu kilomita 60, hadi Kilifi. Mwenzetu mmoja alifuata karatasi ya duka lake katika ofisi moja, akaambiwa mwenye muhuri yuko semina, arudi Jumatatu. Arudi! Kwa mkazi wa mjini ni neno dogo. Kwake ilikuwa faida ya wiki nzima, yote imeishia kwa makanga.

Kabla ya 2013 Malindi ilikuwa na wilaya yake na baraza lake la manispaa. Kaunti zilipokuja tukaunganishwa na Kilifi: zaidi ya kilomita za mraba 12,000, maeneo bunge 7, wadi 35, na watu 1,453,787 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Gavana akakaa Kilifi, bunge la kaunti likakaa Malindi. Anayetusemea yuko mji mmoja, anayetia sahihi yuko mji mwingine, nasi tuko ng'ambo ya mto, tukingoja wakutane.

Ugatuzi tuliupigia kura 2010 kwa moyo. Kifungu cha 176 cha Katiba kinaitaka kila serikali ya kaunti ishushe kazi na huduma zake hadi mashinani, kadiri inavyowezekana. Kilichotufikia ni msimamizi wa wadi. Tumpe haki yake, mlango wake uko wazi na husikiliza. Lakini fedha hana na muhuri hana. Akishaandika shida zetu, karatasi nayo hupanda matatu kwenda Kilifi.

Na maji, jamani! Visima vya Baricho, kando ya mto huu huu wa Sabaki, vinanywesha Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Kiangazi kikikaza, mama zetu wa vijijini hushuka mtoni na mitungi, mmoja akichota, mwenziwe akiangalia mamba.

Hatuombi kaunti yetu. Tunataka mwenye muhuri aje Marafa siku moja kila wiki, siku ya soko, akae chini ya mwembe ikibidi. Kiti tutamtafutia.