Mama Mwenye Moto Kichwani

Mwezi uliopita mzazi mmoja alitujia na lalamiko. Mwanawe aliagizwa shuleni akachore sanamu iliyo upande wa kusini wa daraja la Queen Elizabeth, pale mtu atokapo Braamfontein akavuka reli na kuingia katikati ya mji. Mzazi alimsindikiza, lakini walipofika hakuona sanamu. Aliona mabamba ya chuma yaliyokatwakatwa na kupakwa rangi nyeusi na nyeupe, yamesimamishwa kama masalio ya ajali. "Hii nayo ni sanaa?" alituuliza.

Swali hilo ni la haki, nasi hatukuona vema kulijibu tukiwa tumeketi. Jumapili iliyofuata tuliongozana naye na mwanawe hadi darajani.

Kazi hiyo ni ya William Kentridge na Gerhard Marx, wasanii wa Afrika Kusini. Ilitengenezwa mwaka 2009 kwa ajili ya Jiji, na kimo chake ni mita 11. Siri yake haimo katika chuma, imo katika miguu ya mtazamaji. Ukisimama vibaya, utaona vipande tu. Zunguka, rudi nyuma kidogo: vipande vinakaribiana, na mara anatokea mwanamke anayetembea, amejitwika jiko la makaa. Ukiendelea kutembea, anatawanyika tena. Kijana alimwona upesi. Sisi watu wazima, tukiri, tulizunguka mara mbili.

Mwanamke huyo ana asili yake mitaani. Ni wale akina mama wachuuzi wapitao alfajiri na moto kichwani, kwenda kuwapikia na kuwachomea mahindi abiria wanaowahi kazini. Jiko hilo hapa huitwa imbawula, na wenzetu wa Lubumbashi, waliozoea kusema mbabula, hawatahitaji mkalimani.

Wataalamu huita sanaa ya namna hii sanaa ya usasaleo. Jina hilo lisitutishe. Sanamu za kale za mijini zilimpandisha jemadari au mfalme juu ya jukwaa, kazi ikiwa imekwisha kamilika, na mpita njia hakubakiwa na la kufanya ila kuinua macho. Usasaleo hauuamini sana ukweli wenye upande mmoja. Huvunja umbo, huchanganya yaliyotukuka na ya mtaani, hufanya mzaha kidogo, kisha humwachia mtazamaji kazi ya kuunganisha. Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tusijifanye wageni wa umbo lililovunjwa: vinyago vya shetani vya Wamakonde, vyenye viungo visivyokaa mahali pake, tumevizoea miaka mingi. Hatusemi kwamba Wamakonde ni wafuasi wa usasaleo, la hasha. Wana njia yao wenyewe. Tunasema tu kwamba jicho letu halikuzaliwa jana.

Je, sanamu yenyewe ni nzuri? Hapo hatukuafikiana. Mmoja wetu angali anaiona kuwa fumbo zito mno kwa mtu anayekimbilia teksi.

Lakini liko jambo lililotunyamazisha sote pale darajani. Mnamo Oktoba 2013, sanamu ikiwa imekwisha kusimama, Jiji lile lile liliwaondoa maelfu ya wachuuzi katika mitaa ya katikati ya mji, wakiwamo wenye vibali. Jamaa nyingi zisomazo ukurasa huu zinakumbuka majuma yale bila mboga mezani. Tarehe 5 Desemba mwaka huo Mahakama ya Katiba iliamuru wachuuzi waliofungua kesi waruhusiwe kurudi mahali pao. Katika muda huo wote mama wa chuma hakuguswa; aliyefukuzwa ni mama wa nyama na damu. Hatujui kama wasanii walikusudia tuwaze hivyo. Hata hivyo, tulipokuwa tukimtazama akikamilika na kusambaratika kwa hatua zetu wenyewe, hatukuweza kuwaza vinginevyo.

Kwa wanaotaka kwenda: sanamu iko nje, wala haina kiingilio. Nendeni asubuhi, na tafadhali washikeni watoto mikono. Kumtafuta mama huyo hutaka mtu arudi nyuma huku ameangalia juu, na pale magari ni mengi.