Mwindo kwenye sinema: kipande gani kitakatwa?

Tangu Julai 2025, kazi ya kupiga picha imeanza tena katika studio za Leavesden, karibu na London. Kampuni ya Marekani HBO inatengeneza upya hadithi ya Harry Potter, safari hii kama mfululizo wa televisheni. Vitabu saba vya J.K. Rowling vilikwisha kutolewa sinema nane kati ya 2001 na 2011, na ulimwengu mzima ulizitazama. Mbona basi kurudia? Watayarishaji wanaahidi kuwa waaminifu zaidi kwa vitabu. Kwa maneno mengine, wanakubali kwamba mara ya kwanza mengi yaliachwa nje.

Kwa mkaaji wa Bunia, anayehangaikia usalama wa barabara na bei ya unga, habari hii inaweza kuonekana ya mbali. Lakini kuna swali ndani yake linalotuhusu: hadithi inayopendwa na watu ikipelekwa kwenye sinema, ni nani anayeamua kinachobaki na kinachokatwa? Mashariki mwa Kongo tuna hadithi yenye mashujaa, nyoka wa maji, radi inayosema na watu, na safari ya chini ya ardhi. Ni hadithi ya Mwindo, ya Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Siku itakapoingia kwenye sinema, swali hilo litakuwa letu.

Siku 12 za kusimulia

Mwaka 1956, msimulizi mmoja wa Kinyanga, Candi Rureke, alisimulia, aliimba na kucheza hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku 12, huku vijana wakipiga mdundo na watu wakiitikia. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck aliandikisha maneno yake. Baadaye alishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye mwenyewe ni Mnyanga, na kitabu chao kikatoka Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye namna nyingine tatu za hadithi hiyohiyo, kutoka kwa wasimulizi wengine.

Kwa kifupi, hadithi ni hii. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mke mmoja anamzaa Mwindo, mtoto anayetokea mkononi mwa mama yake, akiwa tayari anatembea na kusema, ameshika usinga wenye nguvu. Baba anajaribu kumwua: anamrushia mkuki, anamzika akiwa hai, halafu anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto haishi hapo. Anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Wajomba zake wahunzi wanamtengenezea mavazi ya chuma. Anarudi na jeshi, na radi inaiangamiza Tubondo. Baba anakimbilia chini ya ardhi.

Mtengenezaji yeyote wa sinema akisikia hapo, macho yanamng'aa. Vita, radi, nyoka, kisasi cha mtoto kwa baba. Anaweza kusema: inatosha, sinema tunayo.

Kinachokatwa kwanza ni kurudi nyumbani

Hapo ndipo mfano wa J.R.R. Tolkien unatusaidia. Mwingereza huyo, aliyepigana katika vita vya Somme mwaka 1916, alitoa kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kati ya 1954 na 1955. Peter Jackson wa New Zealand alikitolea sinema tatu, mwaka 2001, 2002 na 2003, na ya tatu ilipata tuzo 11 za Oscar. Ni kazi iliyoheshimu kitabu kuliko nyingi. Hata hivyo, karibu na mwisho, Jackson aliacha sura moja nzito.

Katika kitabu, Frodo na wenzake wanamaliza vita vya mbali, wanarudi kwao na kukuta miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, na majirani wanatawaliwa na wahuni. Wanalazimika kupigana tena, safari hii mlangoni mwao, halafu kujenga upya. Na katika mapigano hayo Frodo anakataza ndugu zake wasiuane, na hata maadui wasiuawe kama inawezekana kuwaacha. Katika sinema, wanarudi na kukuta kijiji kizuri kama walivyokiacha, wanakaa kwenye baa na kunywa bia.

Sababu za uamuzi huo zinaeleweka. Sinema ya tatu ilikuwa tayari inapita saa tatu, na baada ya vita kubwa watazamaji hawapendi kuanza nyingine. Lakini kilichopotea si mapambo. Mtu aliyetoka vitani alikuwa anasema kwamba vita haimalizikii pale adui mkubwa anapoanguka. Inamalizikia nyumbani, kati ya majirani, ikiwa inamalizika.

Hapa Ituri, ambako utawala wa kijeshi ulianza tarehe 6 Mei 2021, hatuhitaji mtu wa kutueleza jambo hilo. Anayerudi kijijini baada ya kukaa miaka kwenye kambi ya wahami anaweza kukuta nyumba imeungua, shamba linalimwa na mwingine, na jirani hamtazami usoni. Bunduki zimenyamaza, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza.

Mwindo bila mwisho wake

Tazama sasa nusu ya pili ya hadithi ya Mwindo. Shujaa anamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, anapambana na wenye nguvu wa huko, anampata, na hamwui. Anamrudisha Tubondo. Anawafufua watu waliokufa katika mashambulio. Kisha unaitishwa mkutano mbele ya wakubwa na raia. Shemwindo anakiri kosa lake hadharani. Iyangura, dada yake, naye anasema waziwazi ubaya wa kuwabagua watoto. Mwindo anasamehe, na nchi inagawanywa sehemu mbili ili baba na mtoto watawale kila mmoja upande wake.

Hata hapo hadithi haijaisha. Mwindo anamwua joka Kirimu, na Nkuba, mwenye radi, ambaye alikuwa rafiki wa joka huyo, anamchukua juu mbinguni. Kwa mwaka mzima shujaa anateswa na mvua, baridi na jua kali, mpaka majivuno yanamtoka. Anakatazwa kuua wanyama ovyo. Anaporudi duniani anawapa watu sheria: limeni vyakula vya aina nyingi, msigombane, msimcheke mgonjwa, mheshimuni mwami, na mwami naye awaheshimu.

Huyo si shujaa wa kawaida wa sinema. Anashinda vita katikati ya hadithi, na nusu iliyobaki anajifunza jinsi ya kuishi na ushindi wake. Ukikata sehemu hiyo, unabaki na kijana mwenye silaha aliyelipiza kisasi. Kwa vijana hao hatuna upungufu.

Mwenye hadithi ni nani?

Kinachokatwa kinategemea nani ameshika makasi. Tolkien aliuza haki za sinema za kitabu chake mwaka 1969, mwaka uleule kitabu cha Mwindo kilipotoka. Tangu hapo haki hizo zimepita mikono mingi, na mwaka 2022 zilinunuliwa na kampuni Embracer ya Uswidi. Kila mara, palikuwa na mkataba na jina la mwenye mali.

Kwa Mwindo mambo si rahisi hivyo. Hadithi ilikuwa ya watu kabla ya kuwa kitabu, na hata vitabuni ina namna zaidi ya moja. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi inalinda pia sanaa za jadi. Lakini sheria kwenye karatasi haitoshi kama hakuna mtu wa kuisimamia, wala watu wa Walikale walioketi pamoja kuamua wanataka nini kwa hadithi yao.

Tunajua pia kinachotokea tusipokuwapo. Sinema ya mwaka 2016, The Legend of Tarzan, inasimulia Kongo ya wakati wa Leopold II. Sehemu kubwa ilipigwa katika studio zilezile za Leavesden, na picha za misitu zilichukuliwa Gabon. Jina la Kongo lilitumika, lakini nchi yenyewe haikuhitajika.

Njia ndogo ipo

Wengi watasema: sinema ya namna hiyo inadai mamilioni ya dola. Ndiyo, ikiwa tunataka kuiga Hollywood. Lakini mwaka 1995 Dani Kouyaté wa Burkina Faso alitoa Keïta, sinema iliyotokana na hadithi ya Sundiata Keita, mwanzilishi wa dola la Mali. Hakuajiri majeshi. Alimweka mzee msimulizi, aliyechezwa na baba yake mwenyewe, Sotigui Kouyaté, nyumbani kwa mtoto wa shule wa mjini, akamsimulia asili ya jina lake. Wala hakumaliza hadithi yote. Alichagua kipande na kukifanya vizuri.

Na sisi tuna shule nyingine ambayo hatuihesabu. Katika nyumba za video za Afrika Mashariki, wasimulizi kama marehemu Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamezitia sinema za kigeni maneno ya Kiswahili, wakieleza, wakichekesha na kuongeza yao. Kazi hiyo inafanana na ya Rureke kuliko tunavyodhani: sauti moja inayobeba wahusika wote, mbele ya watu wanaoitikia. Mfululizo wa Mwindo kwa redio au kwa michoro, wenye msimulizi wa namna hiyo, hauhitaji studio ya London.

Kuna pingamizi mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Ya kwanza ni ya makanisa: mizimu na usinga wenye nguvu vitaonekana kama uchawi. Harry Potter alishambuliwa vivyo hivyo. Hata hivyo Tolkien alikuwa Mkatoliki wa dhati, na vitabu vyake vimejaa wachawi na mazimwi. Jambo la kuangalia ni kile hadithi inachofundisha, na hii inafundisha toba na msamaha.

Ya pili ni nzito zaidi. Katika nchi ambamo kabila limetumiwa kama silaha, je, shujaa wa kabila moja hataleta mashindano? Hatari ipo kama Mwindo atageuzwa bendera. Lakini Mwindo anayekiri kwamba alijivuna, na ambaye adui yake wa kwanza ni baba yake mwenyewe, si rahisi kumfanya bendera dhidi ya jirani. Mhema, Mlendu, Mualuru au Mnande anaweza kujiona katika mkutano ule wa Tubondo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haidai kamera. Kwanza wazee na wasimulizi waliobaki Walikale, ambako vita vimewahamisha wengi, waandikishwe sauti wangali hai, na kwa ridhaa yao. Pili, Mwindo apatikane kwa Kiswahili na Kifaransa katika shule zetu, ili siku senario itakapoletwa mezani, kuwe na watu wanaoijua hadithi. Tatu, mkataba wowote utaje wazi kwamba mkutano wa Tubondo haukatwi.

Waingereza wanaweza kutengeneza Harry Potter mara ya pili kwa sababu vitabu vipo katika kila duka. Kwetu, kipande kitakachokatwa mara ya kwanza huenda kisipate mtu wa kukirudisha.