Mazungumzo na Vijana: Usaili wa Kazi ya Michezo ya Simu

Mwezi uliopita tulikuwa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, katika njia ile ipandayo Mgeta. Baada ya sala ya Alasiri tuliketi barazani na kijana mmoja aliyesoma elimu ya kompyuta, naye mamaake akipanga nyanya katika matenga ya kupelekwa Morogoro mjini. Tulitaka kujua khabari za usaili aliokwenda kufanya Dar es Salaam, katika kampuni itengenezayo michezo ya simu, kwani wazee wengi hudhani kwamba kazi ya michezo nayo ni mchezo.

Haikuwa mchezo. Nauli ya treni ilitoka katika nyanya zile. Siku ya kwanza aliambiwa aandike, mbele ya watu watatu, programu ya kuufanya mpira udunde ndani ya kioo cha simu pasipo kupenya pembeni. Kisha akaulizwa ni mchezo gani aupendao, na una kasoro gani. Asema hapo ndipo wengi waangukapo, maana hutoa sifa tupu. Atakiwaye ni mtu awezaye kueleza kwa nini mchezaji huchoka akaacha. Mwisho akapewa siku saba atengeneze mchezo mdogo mzima nyumbani kwake. Akautengeneza usiku, kwa kompyuta ya kuazima, na umeme ukikatika.

Binti mmoja mchoraji, jirani wa hapo, alitupa khabari inayofanana na hiyo. Kampuni nyingine ilimtaka picha kumi na mbili za majaribio. Akazipeleka, na hata leo hajajibiwa ndiyo wala hapana. Twasema kwamba kumjaribu mtu ni haki ya mwajiri, lakini kazi ya wiki nzima si jaribio tena, ni kazi, na dini yetu imehimiza mfanyakazi alipwe ujira wake upesi. Kijana na aulize mapema, kwa adabu: nisipoajiriwa, kazi hii itakuwa ya nani? Na asikose kubaki na nakala.

Turudi kwa kijana wetu. Aliitwa mara ya tatu, akaonyeshwa mchezo ambao angeufanyia kazi. Ulikuwa gurudumu la rangi: mchezaji huweka shilingi 500, gurudumu likazunguka, akapata au akakosa. Akaulizwa, "Utafanya nini ili aliyepoteza asiondoke?" Naye akauliza kama hiyo si kamari. Akajibiwa kwamba kampuni ina leseni.

Jawabu hilo si la uongo. Tanzania ina sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi yake hutoa leseni. Lakini ruhusa ya sheria ni jambo moja, na uhalali katika dini ni jambo jingine. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na kila Mwislamu aijua hukumu yake.

Wazazi wasije wakatuelewa vibaya wakawafungia watoto wao mlango wote. Huko Nairobi, Wesley Kirinya alitoa mchezo uitwao Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, kampuni ya michezo na hadithi za picha za mashujaa wa Kiafrika. Kazi ya namna hiyo ni ufundi kama ufundi mwingine. Lenye mashaka ni la katikati: michezo ambayo mtoto hununua kisanduku kilichofungwa asijue ndani mna nini. Ubelgiji, mwaka 2018, waliamua kwamba visanduku hivyo ni kamari, nasi twaona hawakukosea. Kwa hiyo anayesailiwa naye asaili: fedha za kampuni hii zatoka wapi? Kwa matangazo, kwa wanunuzi wajuao wanunuacho, au kwa waliopoteza?

Kijana aliikataa kazi ile. Mamaake hakumlaumu, ila alitaka kujua mshahara ungekuwa kiasi gani. Alipotajiwa alinyamaza kitambo, akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea na matenga yake. Hatutaficha kwamba hata sisi kiasi kile kilitushitua.

Sasa atengeneza simu mbovu hapo Mlali, na ameomba kazi kwingine mara tatu. Ule mchezo wake wa siku saba alituonyesha: pikipiki yateremka mlimani na matenga mawili, na mchezaji aizuie isimwage nyanya. Watoto wa jirani walikuwa wakiugombea. Kampuni ingali nao vilevile, wala hajaambiwa wameufanyia nini.